Muulize Bwana Mifugo: Pembe Ni za Simba au za Jirani?

Toleo lililopita nilimjibu mfugaji wa Nachingwea aliyechoshwa na beberu anayewachoma wenzake kwa pembe. Nikadhani yameisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua za safari hii karibu zote ni za pembe, na nyingine zimeandikwa kwa hasira. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana ndani yake kuna ubishi wa babu na mjukuu, na ubishi wa namna hiyo ukiachwa ulale unaamka na sura nyingine.

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Masasi. Babu yangu ujanani alikuwa akiwabebea wawindaji mizigo kule Liwale. Yeye anasema mnyama kapewa pembe ajikinge na simba. Mwalimu wetu wa bayolojia anasema pembe ni za madume kugombania majike. Nilipomweleza babu, akanijibu kuwa huyo mwalimu hajawahi kuonana na simba. Nani ana haki? Na kama ni babu, mbona swala pala jike hana pembe na simba anamla vilevile? Halafu mbona punda hana kabisa?
*Mjukuu, Masasi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Babu mpe heshima zake, lakini hilo swali lako la swala pala limembana.

Tuanze nalo. Pembe zingekuwa zimekuja kwanza kwa ajili ya simba, wa kwanza kuzistahili angekuwa jike. Yeye ndiye mwenye mimba, ndiye anayelala na mtoto majanini, ndiye mzito wa mbio siku za mwisho kabla ya kuzaa. Sasa wapitie wanyama wa porini kwetu. Swala pala jike hana. Tandala jike hana. Kuro hana, pongo hana, na yule paa mdogo wa vichaka vya pwani, jike wake naye kichwa kitupu. Madume wao wote wanazo. Adui ni wa ukoo mzima, halafu silaha wapewe nusu yake? Mwalimu wako ana hoja.

Charles Darwin aliieleza hoja hiyo mwaka 1871, katika kitabu chake juu ya asili ya binadamu na uteuzi wa kijinsia. Wahenga wetu walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Yeye alihitaji kurasa mamia kufika papo hapo. Ila aliongeza jambo ambalo wahenga hawakuligusa: anayebaki zizini ndiye anayezaa. Dume mwenye kinundu kigumu juu ya paji anamsukuma asiye nacho. Aliyesukumwa anaondoka, majike wanabaki kwa mshindi, watoto wanarithi kinundu. Katika kizazi kinachofuata mwenye kinundu kilichozidi kidogo ndiye anayeshinda, na hivyo hivyo kwa maelfu ya vizazi. Hakuna mnyama aliyeketi akatamani pembe, wala hazikuota kwa sababu mababu zao walikuwa wakigonganisha vichwa. Ukiandika hivyo kwenye mtihani utakosa alama, na utakuwa umestahili.

Mabaki ya kale yanaendana na maelezo hayo. Miongoni mwa wanyama wa mwanzo wanaojulikana wa ukoo wa ng'ombe, mbuzi na swala yumo anayeitwa Eotragus, wa miaka kama milioni 18 iliyopita. Alikuwa mnyama mdogo, na pembe zake zilikuwa fupi, zimenyooka tu. Kujipinda, kusokoteka na kurefuka kulikuja baadaye, na hapo ndipo penye utamu.

Pembe fupi iliyonyooka inachoma. Ukimpata mwenzako ubavuni umemmaliza, ila kumfikia ubavu ni lazima na wako uwe wazi, na mshindi mwenye tundu tumboni hazai watoto wengi. Valerius Geist, mtaalamu wa wanyama wa Kanada, aliandika mwaka 1966 kwamba silaha za namna hiyo huwaumiza wote wawili, na kwamba taratibu zikashamiri pembe zinazoweza kukamata pembe za mpinzani, ili ugomvi uwe wa kusukumana na kupimana nguvu. Nilipokuwa nafanya kazi Liwale niliwatazama palahala madume wawili kwa muda mrefu, nimejibanza nyuma ya mninga. Walipiga magoti ya mbele, wote wawili, kama walioambiana. Vichwa chini, zile pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma zikakutana kwa mlio mkavu, kisha hakukuwa na kuchomana. Wakasukumana. Vumbi likatoka chini ya magoti, shingo zikavimba, mmoja akaanza kurudi nyuma nusu hatua, nusu hatua. Ghafla akainuka, akageuka, akaanza kula majani kana kwamba ndiyo shughuli iliyomleta. Aliyeshinda hakumfuata.

Ndiyo maana maumbo ya pembe yanatofautiana kiasi hicho: kila aina ina namna yake ya kugombana. Nyati dume ana lile bapa nene katikati ya kichwa, kwa sababu yeye anakuja na uzito wote na kugonga. Tandala pembe zake zimesokotwa, anamnasa mwenzake na kumpinda shingo. Mara mojamoja wananasana wasiachane, na hufa hivyo, wote wawili. Mageuko ya viumbe hayatoi dhamana.

Sasa haki ya babu, maana anayo. Nyati jike ana pembe. Nyumbu jike, kongoni jike, palahala jike, pofu jike, wote wanazo. Hao hawafiki kwenye kugombania madume kiasi cha kuhitaji silaha, basi za nini? Mwaka 2009 watafiti wawili, Stankowich na Caro, walichapisha ulinganisho wa aina nyingi za wanyama wa ukoo huu wakitafuta majike wenye pembe wanafanana kwa lipi. Wakakuta ni wakubwa wa mwili, au wanaishi mahali pa wazi ambapo hakuna pa kujificha. Jike mdogo wa kichakani akisikia chui anaganda kimya au anapenya vichakani. Nyati jike mwenye kilo mia kadhaa katikati ya mbuga atajificha wapi? Kwake pembe ni za kusimama na kupambana, na hapo simba wa babu ameingia kwenye hesabu kihalali. Funo anaonekana kuvuruga kanuni, kwa kuwa ni mdogo, ni wa msituni, na jike wake ana pembe. Watafiti hao wanaona kwamba majike wa ukoo wa funo hupigania eneo lao wenyewe kwa wenyewe. Nawapa haki. Anayejua wanawake wawili wenye shamba moja la mikorosho hatashangaa.

Kwa hiyo mwambie babu hivi: dume alizipata kwa ajili ya jirani yake, kisha zikamfaa pia kwa simba. Jike wa mahali pa wazi alizipata kwa ajili ya simba. Wote wawili, yeye na mwalimu, wameshika kipande, ila cha mwalimu ni kikubwa zaidi.

Punda ana silaha zake. Dume wa punda, na wa pundamilia vilevile, hupigana kwa kuuma na kwa mateke, na ana meno ya mbele juu na chini. Kamfungue ng'ombe mdomo uone: mbele upande wa juu hana jino hata moja, ni ufizi mgumu tu. Huyo angeuma nini? Kiboko na ngiri nao wanapigana kwa meno. Na pembe ya ndovu, usije ukaandika vingine, ni jino.

Utauliza mbona basi madume wote hawana pembe kubwa kupindukia. Gharama. Kwenye visiwa vya St Kilda huko Uskoti kuna kondoo wa porini waitwao Soay, ambao wanasayansi wamewafuatilia kwa miongo kadhaa, kondoo mmoja mmoja. Baadhi ya madume wana pembe kubwa, wengine vijipembe tu. Utafiti uliotoka mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa jeni moja, RXFP2, ndiyo inayotawala sana tofauti hiyo. Madume wenye pembe kubwa huzaa zaidi. Wenye jeni ya vijipembe huishi zaidi. Aliyerithi moja huku na nyingine kule anafaidi kotekote, ndiyo maana hakuna aina iliyokwisha. Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini kondoo wa St Kilda anaelemewa na pembe zake.

Mwisho, muulize babu kama aliwahi kukuta porini fuvu la nyati la siku nyingi ambalo pembe zake zimeota vijiti vya udongo, vifupi, vimesimama kama ndevu zisizonyolewa. Kama kweli alitembea Liwale, ameviona. Ni nyumba za viwavi wa nondo fulani, Ceratophaga, ambao chakula chao ni pembe za mizoga. Pembe inaliwa kwa sababu nje si mfupa, ni keratini, kitu kilekile cha ukucha na kwato. Mfupa uko ndani. Hilo linanipeleka kwenye barua ya pili.

SWALI: Bwana Mifugo, hujambo? Nafuga mbuzi hapa Mingoyo. Nina jike mmoja aliyezaliwa hana pembe, mpole, anazaa mapacha. Jirani ana beberu naye hana pembe. Nataka nimpandishe kwa huyo beberu, na watoto wao niwapandishane, hadi kundi zima lisiwe na pembe. Nimechoka kufuma wavu wa banda kila wiki. Unanishauri nini?
*Mama Mapacha, Mingoyo*

JIBU: Sijambo, dada yangu. Jike ni mzuri, beberu mwache alipo.

Kwa mbuzi, jeni ya kutokuwa na pembe ina mkosi ndani yake. Mtoto akiirithi kwa mzazi mmoja tu, anakosa pembe na mambo yake mengine ni salama. Mtoto wa kike akiirithi kwa baba na kwa mama, kwa kawaida anazaliwa huntha: maumbile ya uzazi yamechanganyika, hapati mimba maisha yake yote. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa chanzo ni kipande kidogo cha vinasaba kilichokatika. Wewe ukimpandisha asiye na pembe kwa asiye na pembe, hata kama kila mmoja ana jeni moja tu, tegemea kwa wastani mmoja kati ya kila watoto wanne wa kike awe hivyo. Ukiendelea kuwapandishana watoto, hali inazidi. Utalisha mbuzi wasiozaa na kudhani umerogwa.

Mpandishe huyo jike kwa beberu mwenye pembe. Nusu ya watoto, kwa wastani, watatoka bila pembe, na hao majike watazaa. Kwa ng'ombe tatizo hili halipo. Ng'ombe wasio na pembe unaweza kuwazalisha wao kwa wao.

Kuhusu wavu, nakuelewa. Hapa Mitwero beberu wa jirani alipitisha kichwa kwenye waya wa uzio kufuata majani ya mpapai, akashindwa kukirudisha. Alivyovuta kwa nguvu pembe moja ilichomoka, na mwenye mbuzi akaja kwangu mbio ameishika mkononi akisema imeng'oka na mzizi. Haikung'oka. Kilichotoka ni ganda la nje, tupu ndani, kama ala iliyoachwa na kisu. Juu ya kichwa cha beberu kisu chenyewe kilikuwa bado kimesimama: mfupa mwekundu, wenye vishimo vishimo, unavuja damu kila kona, na ukiugusa mnyama anapiga kelele. Huo mfupa uko hai, una mishipa, ndiyo maana pembe ya mbuzi mzima ukiishika chini kabisa asubuhi ni ya moto. Tuliuosha, tukaufunga kitambaa safi nzi wasitage, ukakauka. Ganda lilibaki kwa watoto, wakalifanya baragumu.

Basi usije ukachukua msumeno. Kwa mnyama mkubwa uwazi wa ndani ya pembe unaungana na uwazi wa ndani ya paji la uso. Ukikata umefungua kichwa. Anayetaka kuzizuia afanye kitoto kikiwa na siku chache tangu kuzaliwa, vichipukizi vichomwe na afisa mifugo mwenye chuma chake na dawa ya ganzi.

SWALI: Mzee, minazi yangu Mikindani inamalizwa na chonga. Huyo mdudu ana pembe kichwani. Ndiyo anayotobolea?
*Mwenye Minazi, Mikindani*

JIBU: Hapana. Kazi ya kutafuna ni ya taya. Chonga jike ana pembe fupi kuliko dume, na mnazi anautoboa vilevile. Yale makuti yanayofunguka yamekatwa kama kwa mkasi alishayala yangali yamefungwa ndani ya kilele.

Pembe za madundu zina habari ileile niliyomwandikia kijana wa Masasi, na pengine wao wanaieleza vizuri kuliko wanyama wakubwa. Wapo madundu wadogo wa kinyesi ambao jike anachimba shimo chini ya mavi ya ng'ombe na kushusha chakula cha watoto. Dume mwenye pembe anakaa mlangoni na kumzuia kila anayekuja. Dume aliyekula vibaya utotoni anatoka mdogo, hana pembe, na huyo hapigani. Anachimba njia yake ya pembeni, anamfikia jike huku mlinzi amekodoa macho mlangoni. Tena kukodoa kwenyewe kuna mipaka: mtafiti Douglas Emlen alionyesha mwaka 2001 kuwa kwa madundu hao pembe inapokua karibu na macho, macho yanatoka madogo. Chakula cha kiwiliwili ni kimoja. Ukikipeleka huku, kule kunapungua.

Kwa minazi yako, magogo ya minazi iliyooza yaondoe shambani au yachome, maana ndimo funza wao wanamokulia, na waliomo kileleni wachokoe kwa waya wenye ndoana. Zaidi ya hapo mtafute afisa kilimo. Wangu mimi ni wa miguu minne.

SWALI: Pembe ya kifaru inatibu nini?
*Msomaji, Kilwa Kivinje*

JIBU: Haitibu kitu. Haina hata mfupa ndani, ni keratini kuanzia juu hadi chini. Tafuna kucha zako, ni bure na hazina kesi.

SWALI: Shikamoo. Hapa Lindi hatuachi kubishana juu ya mjusi wa Tendaguru aliyepelekwa Ujerumani. Mwenzangu anasema alikuwa na pembe. Mimi nasema hakuwa nazo. Tumewekeana chai na vitumbua.
*Mbishi, Lindi Mjini*

JIBU: Marahaba. Inategemea mjusi gani, maana Tendaguru hakutoka mmoja. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba pale na kupata mifupa ya aina kadhaa. Waliochimba hasa ni watu wetu, mamia yao, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na mizigo ilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega. Yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ni Giraffatitan. Huyo hana pembe. Hapo umeshinda.

Lakini mwenzako huenda amemsikia Kentrosaurus, ambaye Hennig alimpa jina mwaka 1915. Alikuwa na urefu wa kama mita nne na nusu, mla majani, mwenye vibapa vya mfupa shingoni na mgongoni mbele, kisha kuanzia katikati ya mgongo hadi ncha ya mkia jozi za miiba mirefu ya mfupa. Miiba, si pembe, haikuwa kichwani. Ya mkiani ilikuwa silaha ya kupigia: mkia ule ulipinda kwa urahisi kushoto na kulia, na aliyesimama nyuma yake alijuta.

Mijusi wenye pembe za kichwani walikuwepo, ila si hapa wala si wakati ule. Wa Tendaguru ni wa miaka kama milioni 150 iliyopita. Triceratops, mwenye pembe tatu, aliishi Amerika ya Kaskazini miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa mafuvu yake, ukaonyesha majeraha yaliyopona kwenye ile ngao ya shingo, mahali pale pale ambapo pembe ya mwenzake ingefika wakikabiliana uso kwa uso. Nao walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe, licha ya kuishi na Tyrannosaurus, aliyekuwa akiwala.

Vitumbua ni vyako. Chai mgawane.

*Aliyeniandikia kutoka Nanyumbu kwa penseli: barua yako imelowa mvua, nimeambulia neno "kondoo" na alama ya kuuliza. Niandikie tena.*